Chagua Kibodi kwa Vidole, Si kwa Macho

Chukua ukurasa wowote wa gazeti la Kiswahili uhesabu herufi zake. A itaziacha nyingine mbali. Katika kibodi tulizozizoea, herufi hiyo iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na hicho ni kidole dhaifu. Anayechapa Kiswahili kutwa kwa vidole kumi anakitwisha mzigo ambao Christopher Latham Sholes hakuuwazia alipopanga herufi hizo huko Marekani, miaka ya 1870, kwa ajili ya mashine za kuchapa Kiingereza.

Mimi ni mhazili. Nilisomea Chuo cha Uhazili Tabora, kwenye mashine ya chapa ya chuma, na kazi hiyo ndiyo iliyonilea na kunilelea watoto. Siku hizi nafundisha vijana kuchapa, na kabla sijawauliza kasi yao huwauliza mkono unauma wapi. Karibu kila mmoja ana pa kuonyesha.

Mashine ile ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na mapumziko ndani yake. Mstari ukiisha unasukuma wenzo, ukurasa ukijaa unatoa karatasi na kupachika nyingine pamoja na kaboni. Mikono ilibadilisha kazi kila mara. Kompyuta imeondoa yote hayo. Mtu anaweza kukaa saa tatu vidole vikirudia mwendo uleule, huku viganja vimelalia ukingo wa meza. Ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba inayopitisha kano za vidole pamoja na mshipa mkubwa wa fahamu. Njia hiyo ikibana, ganzi huingia kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, na mara nyingi humwamsha mtu usiku. Ukifika hapo nenda hospitali, maana kibodi mpya si dawa. Kibodi nzuri ni ya kukupunguzia adha kabla hujafika huko.

Kwa hiyo ukienda dukani, iwe Kariakoo au kwingineko, mwombe muuzaji afungue boksi. Weka kibodi mezani, kaa, kisha chapa aya nzima ya Kiswahili. Usichape jina lako tu.

Kwanza, angalia mpangilio wa herufi, hasa ukinunua mtumba kutoka Ulaya. Kibodi ya Ujerumani imebadilishana Y na Z, na kwetu herufi hizo hazipiti sentensi mbili bila kuhitajika. Kibodi ya Kifaransa, ambayo ndugu zetu wa Bujumbura na Bukavu wanaijua vizuri, imeipandisha A safu ya juu, na mahali pake pazuri pamepewa Q, herufi ambayo Kiswahili hakiihitaji kabisa. Unaweza kubadilisha mpangilio kwenye mipangilio ya kompyuta, lakini maandishi yaliyo juu ya vitufe yatabaki yaleyale.

Pili, pima uzito wa vitufe. Bonyeza A mfululizo kwa kidole cha mwisho. Kikianza kuchoka mbele ya muuzaji, kitakuwaje saa tisa alasiri? Kibodi nyingi za bei nafuu zina mpira chini ya vitufe, na kwa kawaida herufi haitokei mpaka ubonyeze karibu na mwisho. Zenye springi chini ya kila kitufe huitikia mapema: nyingi huandika herufi kidole kikishuka kama milimita 2 tu kati ya 4. Anayechapa kwa kutwa nzima anaiona tofauti hiyo jioni.

Tatu, vile viguu vya nyuma vikunje. Watu huviinua wakidhani vinasaidia, kumbe vinakivunja kifundo kuelekea juu. Mkono unyooke kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole.

Nne, jiulize kama unahitaji safu ya tarakimu iliyo kulia. Mhasibu anaihitaji. Mwandishi, mara nyingi hapana. Kibodi yenye safu hiyo ina upana wa sentimita 45 hivi, na isiyo nayo huwa na kama 36. Sentimita hizo ndizo zinazokisukuma kipanya mbali, ukajikuta unanyoosha bega siku nzima.

Na kipanya chenyewe, ambacho Douglas Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco mwaka 1968, kisiwe kidogo kwa sababu tu kinaingia mfukoni. Kiganja kikilalie bila vidole kujikunja. Kipo kilichosimama wima, ukikishika kama unayempa mtu mkono, na kinaupunguzia mkono kupinda. Kipo pia chenye tufe la kuzungusha kwa vidole huku chenyewe kimetulia mezani, kinachomfaa mwenye meza finyu. Unayetumia mkono wa kushoto, dai chenye umbo lililo sawa pande zote. Usikubali kuambiwa utazoea.

Kwa wenye kompyuta mpakato, ushauri wangu ni mmoja: iinue juu ya vitabu mpaka skrini ilingane na macho, kisha uchomeke kibodi na kipanya vya pembeni. Bila hivyo, ukiinua skrini mikono inateseka, na ukishusha kibodi shingo inainama.

Neno la mwisho nawaambia wakuu wa ofisi na maofisa ununuzi. Mnaponunua kibodi hamsini za aina moja kwa sababu ndiyo bei ya chini, mnawanunulia watu hamsini wenye mikono tofauti. Nunueni aina mbili tatu kwanza, wapeni wahazili wazitumie kwa wiki moja, kisha wasikilizeni. Wao ndio wanaoandika barua mnazosaini.