Karatasi na mgomba wa nyuma ya nyumba



Kila Septemba tunahesabu kaye za watoto: huyu sita, yule nane, na mdogo naye analia apate yake. Zinatoka mbali, ndiyo maana bei yake inatuuma. Hapa kwetu Maniema, toka zamani karatasi ni kitu cha kuletwa.

Mwaka 1871 Mzungu David Livingstone alikaa Nyangwe, upande wa Kasongo, karibu miezi mine. Karatasi zikamwishia. Akachukua gazeti la kwao Uingereza, The Standard la Novemba 1869, akaandika juu yake, mistari yake ikikata ile ya chapa. Wino nao akautengeneza kwa mbegu za mmea wa huku. Juu ya gazeti hilo ndipo alipoandika mambo ya tarehe 15 Julai: watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani walipiga bunduki katika soko la Nyangwe, soko lililojaa wamama waliokuja kuuza. Watu mamia walikufa, wengi kwa kuzama Lualaba. Baadaye aliyanakili maneno hayo katika daftari, lakini yale ya kwanza yalififia hata hayakusomeka. Ni mwaka 2011 tu wataalamu walipotangaza kwamba wameyasoma tena, kwa kuyapiga picha chini ya mianga ya namna nyingi.

Ajabu ni kwamba vitu vya kufanyia karatasi vilimzunguka Livingstone, kama vinavyotuzunguka sisi. Huko China, mwaka 105, Cai Lun alimpelekea mfalme wake habari ya ufundi huu: maganda ya miti, vitambaa vikuukuu na nyavu za samaki zilizochanika. Hakuna dhahabu hapo! Ufundi ukafika Samarkand na Baghdad katika karne ya 8, na neno letu karatasi tumelipata kwa Waarabu.

Kwetu mmea unaofaa ni mgomba. Ukishakata ndizi, shina linabaki kuoza bure. Likate vipande vya urefu wa vidole viwili, vichemshe katika maji ya majivu saa tatu, nne, mpaka nyuzi zikatike ukizivuta. Tumia pipa la chuma au chungu, kwa maana maji ya majivu yanakula sufuria ya aluminiamu, na ngozi ya mikono pia. Koroga kwa mti, na watoto wakae mbali. Kisha osha mpaka maji yawe safi, na utwange katika kinu. Kazi ya kutwanga hakuna wa kutufundisha.

Uji huo umwage katika beseni kubwa yenye maji mengi. Seremala akufanyie fremu ya mbao, uivalishe chandarua kikuukuu kilichofuliwa vizuri na kuvutwa sana. Izamishe, iinue polepole ikiwa sawa, maji yachuruzike. Kinachobaki juu ya chandarua ndiyo karatasi. Igeuze juu ya kitambaa, kandamiza kwa mbao na mawe, halafu anika. Ikikauka, ipake uji mwepesi wa unga wa muhogo, uianike tena. Bila hivyo wino unatawanyika.

Nawaambia wazi, karatasi hii haitachukua nafasi ya kaye. Ni nene, na biki inakwama. Lakini kwa watoto wa mwaka wa kwanza inafaa sana: herufi kubwa, hesabu, picha za wanyama, vitu ambavyo mwalimu anavikosa kila siku. Inafaa pia kuwa jalada la kitabu cha likelemba, kile kinachochanika kabla zamu hazijaisha.

Kundi linalotaka kujaribu lianze na kaye zilizoandikwa zikajaa. Hizo hazihitaji majivu wala moto: zichaneni vipande vidogo, zilale katika maji usiku mmoja, asubuhi zitwangwe. Mkono ukishazoea fremu, ndipo mwende kwenye mgomba. Na mwanikie kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali linaikunja karatasi.