Fuwele Zizaliwazo Kinuni
Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulieleza kwamba nusukipitishi si silikoni peke yake. Molekuli za kaboni nazo hupitisha umeme zikipangika vyema, na ndizo zinazotoa mwanga katika vioo vya simu nyingi zinazouzwa katika miji ya Wote na Kitui. Msingi wa vioo hivyo uliwekwa mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walipochapisha habari za taa yao ya molekuli za kaboni. Leo tutazame fuwele za molekuli hizo zinavyotengenezwa kwa kusagwa tu.

Njia iliyozoeleka maabarani ni kuyeyusha. Malighafi hutiwa katika kiyeyushi kama toluini au klorobenzini, kisha kiyeyushi huachwa kivukize polepole hadi fuwele zijiunde. Fuwele hutoka kubwa na safi. Lakini kiyeyushi huhitajika kingi kuliko fuwele zinazopatikana, mvuke wake hudhuru, na mabaki yake lazima yatafutiwe pa kwenda.

Hilo la mabaki ni zito kwetu Ukambani. Mito mingi ya Kitui na Makueni hukauka juu na kubakiza maji chini ya mchanga. Wananchi huyapata kwa kuchimba visima mchangani, au hujenga mabwawa ya mchanga ili yasikimbie. Kemikali ikimwagwa bondeni huzama katika mchanga ule ule unaotunza maji ya kunywa. Kwa hiyo mbinu isiyotumia kiyeyushi, au inayotumia matone tu, ina thamani kubwa katika nchi kavu.

Tuchukue mfano ulio wazi. Kwinoni ni unga wa manjano; haidrokwinoni ni mweupe. Pima gramu 1.08 za ule wa kwanza na gramu 1.10 za ule wa pili. Vipimo hivyo vina idadi sawa ya molekuli, maana uzito wa molekuli moja ya kwinoni ni 108 na wa haidrokwinoni ni 110. Tia vyote katika kinu kidogo cha akiki, usage. Manjano hufifia, na unga hugeuka kijani kilichokolea kinachokaribia weusi, ingawa hakuna rangi iliyotiwa.

Haidrokwinoni ina elektroni za kutoa, na kwinoni huwa tayari kuzipokea. Molekuli za aina hizi mbili zikilaliana kwa zamu, moja juu ya nyingine, sehemu ya elektroni huvutwa kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji. Jozi hiyo hufyonza mwanga ambao hakuna kati yao aliyeweza kuufyonza peke yake. Rangi iliyobadilika ni dalili kwamba fuwele mpya imezaliwa. Jaribio hili lifanyiwe maabarani tu, kwa miwani, glavu na kabati la kuvuta hewa, kwani kwinoni huumiza macho na ngozi.

Fuwele hiyo, kwinihaidroni, ilielezwa na Friedrich Wöhler wa Ujerumani mwaka 1844. Mwaka 1893 Waingereza Ling na Baker walionyesha kwamba jamaa zake wenye klorini hupatikana kwa kusaga. Mwaka 1954 Wajapani Akamatu, Inokuchi na Matsunaga walichanganya perilini na bromini, wakapata kitu kinachopitisha umeme vizuri ajabu kwa mchanganyiko wa kaboni. Mwaka 1973 ikaja fuwele ya molekuli ziitwazo kwa kifupi TTF na TCNQ, inayopitisha umeme mithili ya metali. Kote humo kanuni ni ile ile: mtoaji na mpokeaji kukutana.

Pigo la mchi huvunja fuwele za zamani, hufichua nyuso mpya na kuzisugua pamoja hadi molekuli zihame. Maabara za leo hutumia kopo lenye gololi za chuma, linalotikiswa hata mara 30 kwa sekunde, mara nyingi kwa nusu saa. Tone la kioevu huongeza kasi. Atwangaye muthokoi analijua hili: mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo ili maganda yatoke na punje zisipondeke. Kwa miligramu 200 za unga, mikrolita 50 hutosha. Tena aina ya kioevu yaweza kuamua molekuli zipangike vipi, na katika nusukipitishi mpangilio ndio unaoamua umeme upite kwa wepesi gani.

Mbinu hii ina mipaka yake. Usagaji hutoa unga, ilhali kifaa cha umeme huhitaji utando mwembamba au fuwele moja kubwa. Gololi huweza kuacha chembe za chuma, na kusaga kupita kiasi huharibu mpangilio. Ndiyo maana kila unga hupimwa kwa mashine ya eksirei, na mashine hiyo ni ghali.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi iko ndani ya uwezo wetu. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko Kwa Vonza, Kitui. Fundi wa kuchomelea anaweza kuunda pipa la gololi linalozungushwa na mota. Sampuli ni gramu chache, zinazoweza kupelekwa kupimwa kwenye chuo chenye eksirei. Wanafunzi wetu wa kemia waanzie hapo. Watajifunza fani inayoendana na uhaba wetu wa maji, na jua linalotuchoma mwaka mzima litawapa sababu ya kuiendeleza.

Juma lijalo: jinsi unga huo unavyogeuzwa utando wa kunasa jua.