Mzigo wa Mhamaji ni Amana Mkononi mwa Msafirishaji

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, tabia ya mtu hudhihirika zaidi pale anapokabidhiwa mali ya mwenzake, na mwenye mali yuko mbali haoni. Kila mwaka familia nyingi hapa nchini huhama. Walimu, wauguzi na askari hupewa barua za uhamisho. Wafanyabiashara hufuata riziki. Wajane hurejea kwa wazazi wao. Wote hawa hukusanya vitanda, masufuria, vitabu na nguo za watoto wakavipakia katika lori la mtu wasiyemjua. Kwa siku kadhaa, kila walichochuma katika maisha yao huwa mkononi mwa dereva na utingo wake. Ijumaa hii tunapenda kulizungumzia jambo hilo, kwani limetufika katika nyumba yetu.

Yaliyotokea njiani kuelekea Hirbadaw

Mwezi wa Shaaban 1443, yaani Machi 2022, mkwe wetu ambaye ni mwalimu alihamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Hirbadaw, wilayani Hanang katika Mkoa wa Manyara. Alikwenda katika ofisi moja ya wasafirishaji wa mizigo ya nyumbani, wakapatana shilingi 2,400,000: nusu ilipwe wakati wa kupakia na nusu mzigo utakapofika. Mkataba uliandikwa, na ndani yake likatajwa jina la Hirbadaw. Binti yetu naye aliorodhesha vitu vyote, vikafika 43, na karani wa ofisi akaitia saini orodha hiyo. Ahadi ilikuwa siku tatu.

Familia ilitangulia kwa basi. Ikafika katika nyumba tupu, mablanketi yakiwa ndani ya lori. Anayezijua nyanda zilizo chini ya Mlima Hanang anafahamu baridi ya usiku wake, na wakati huo mvua zilikuwa zimeanza. Siku tatu zikapita, kisha tano, kisha nane. Simu ya ofisi ikawa inaita bila kupokelewa, na ilipopokelewa kila mara sauti ilikuwa ya mtu mwingine mwenye maelezo mengine.

Baadaye ilibainika kwamba ofisi ile haikuwa na lori. Ilikuwa dalali tu, iliyoutoa mzigo kwa mwenye gari mwingine kwa bei ndogo zaidi. Mwenye gari huyo alipofika Babati akapata mzigo wa kurudi nao Dar es Salaam, akaviteremsha vyombo vya mwalimu uani, hapo vikanyeshewa siku mbili bila ya turubai. Kisha vikahamishiwa katika gari dogo lililovifikisha Katesh, makao makuu ya wilaya, na kuishia hapo. Dereva wake akasema: "Mwalimu, mimi nimelipwa hadi Katesh tu. Ya Hirbadaw waulize walionituma."

Walipoulizwa, walisema njia ya Hirbadaw ni mbaya, hivyo iongezwe shilingi 700,000, la sivyo mzigo hauteremki, na kila siku inayopita itatozwa ada ya maegesho. Tazama, ndugu msomaji, mtu aliyeahidi kwa maandishi kufika Hirbadaw anaidai upya Hirbadaw hiyo hiyo, huku akiwa ameshika vitanda vya watoto wa watu.

Mkwe wetu hakugombana. Aliuchukua mkataba, akaenda nao kituo cha polisi pamoja na mashahidi wawili. Mkataba ukasomwa mbele ya dereva. Nusu iliyobaki ikalipwa na risiti ikaandikwa, mzigo ukaachiliwa siku ya kumi na mbili, na zile 700,000 hazikulipwa. Vitu vilipohesabiwa kwa orodha, vilipatikana 38. Jiko la gesi na gunia la mchele havikuwepo. Magodoro yalikuwa yamelowa na kuoza, na cherehani, ambayo ndiyo riziki ya binti yetu, gurudumu lake lilikuwa limevunjika.

Kutoka Katesh hadi Hirbadaw mzigo ulibebwa na mzee mmoja wa Kibarabaig mwenye trekta na tela, kwani Hanang ni nchi ya ngano na trekta si kitu kigeni huko. Walipatana shilingi 150,000. Mzee huyo si Muislamu. Aliiomba orodha, akahesabu kitu kimoja kimoja, akafunika kwa turubai na kufunga kamba. Walipofika, kabla hajaulizwa, alisema: "Mwalimu, sahani tatu zimepasuka pale korongoni. Zikate katika pesa yangu." Mkwe wetu alimlipa ujira wake wote.

Aliyekodiwa kwa safari ya Hijra

Kisa cha mzee huyo kinatukumbusha jambo lililomo katika sira, ambalo aghalabu tunalipita haraka. Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar walipokusudia kuhama Makka kwenda Madina, walimkodi kiongozi wa njia aitwaye Abdullah bin Urayqit. Mtu huyu alikuwa angali katika dini ya Makuraishi. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana wakutane kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Makuraishi walikuwa wameahidi zawadi kubwa kwa atakayemleta Mtume, naye alijua walipo. Juu ya hayo, alikuja siku ile ile waliyoagana, ngamia wakiwa salama, akawafikisha.

Na katika safari hiyo hiyo, Mtume alimwacha Sayyidna Ali nyuma Makka ili azirejeshe amana za watu alizokuwa amewekewa, na baadhi ya wenye amana hizo walikuwa ndio wanaomfukuza. Hijra basi, ambayo ndiyo kuhama kunakohesabiwa miaka yetu, ilisimama juu ya amana pande zote mbili. Msafirishaji anayeswali safu ya mbele na huku gunia la mchele la mteja limepotea mikononi mwake, na ajilinganishe na Abdullah bin Urayqit na mzee yule wa Hanang.

Kauli za wanazuoni juu ya mzigo ulioharibika

Wanazuoni wa fiqhi wamesema kwamba mkono unaoshika mali ya mwingine ama ni mkono wa amana au ni mkono wa dhamana. Mwenye mkono wa amana halipi kilichoharibika ila akizembea au akivuka mipaka. Mwenye mkono wa dhamana hulipa hata kama hakuzembea. Je, mchukuzi anayewabebea watu wote kwa ujira yumo fungu gani?

Imam Abu Hanifa alimweka katika amana, halipi ila kilichoharibika kwa kitendo chake. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, walisema hulipa, isipokuwa kwa janga lisiloepukika kama vile moto mkubwa. Katika madhehebu ya Imam Malik, mbeba chakula hulipa, kwa kuwa chakula huvuta mikono. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Ali aliwawajibisha mafundi kulipa, akiona watu hawatatengemaa bila ya hilo. Ama Imam Shafii, mwanafunzi wake al-Rabii amesimulia kwamba aliona hakuna kulipa pasipo uzembe, lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuwahofia mafundi waovu. Tazama upeo wa mwanachuoni huyu! Alijua kwamba hukumu iliyo sahihi huweza kuwa kinga ya mdanganyifu.

Katika kisa chetu tofauti hizo hazina haja. Kuuhamisha mzigo katika gari jingine bila ya idhini, na kuuacha kwenye mvua bila ya kifuniko, ni uzembe na kuvuka mipaka. Hata kwa kauli iliyo nyepesi kuliko zote, wahusika wanawajibika kulipa.

Na kuuzuia mzigo je? Wanazuoni wa Kihanafi wametofautisha. Fundi ambaye kazi yake imeacha athari ndani ya kitu, kama mtia rangi nguo, anaweza kukizuia mpaka alipwe ujira wake. Mchukuzi na baharia hawawezi, kwani kazi yao haiachi athari katika kitu. Ikiwa hata ujira wa haki una mjadala huo, vipi kuhusu ziada iliyobuniwa njiani? Hiyo ni kula mali ya watu kwa batili.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe. Sheria hiyo pia inahesabu kuzuia mali ya mtu kinyume cha sheria, ili akubali jambo, kuwa ni shuruti; na makubaliano yaliyopatikana kwa shuruti, aliyeshurutishwa anaweza kuyabatilisha. Leseni za magari ya mizigo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA, na malalamiko hupelekwa huko. Mahakama ya Mwanzo nayo ipo kwa ajili ya madai ya namna hii.

Nasaha kwa familia zinazohama

Kwanza, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Kuandika si kumtuhumu mtu. Ni kumlinda yeye na wewe. Mkataba utaje mahali mzigo utakaposhushwa kwa jina lake, siku ya kufika, bei yote, na nani atalipa kitu kikipotea.

Pili, ulizeni gari ni la nani, na muandike namba yake na jina la dereva. Ikiwa mzigo utabadilishiwa gari, iwe kwa idhini yenu.

Tatu, orodhesheni vitu na muvipige picha. Bila ya orodha ile yenye saini, binti yetu asingeweza kuthibitisha kwamba jiko la gesi lilipakiwa.

Nne, msilipe ujira wote kabla ya kufika. Fedha, vyeti, dawa na nguo za kuwahifadhi watoto kwa siku chache msiviweke katika lori, safirini navyo.

Tano, nanyi timizeni wajibu wenu. Msifiche uzito wa mzigo wala hali ya njia. Mzigo ukifika salama, mlipeni mtu ujira wake papo hapo, kwani Mtume (S.A.W.) ametuagiza tumlipe mfanyakazi kabla ya jasho lake kukauka. Wapo wateja ambao, godoro likishafika ndani, huanza kutafuta kasoro ili wapunguze malipo. Hao ni ndugu wa yule dalali.

Kwa wenye malori na madalali

Enyi ndugu zetu wasafirishaji, kazi yenu ni ya heshima na nchi haiendi bila ninyi. Binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa, alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Nguvu kwenu ni gari zima na turubai lisilovuja. Uaminifu ni kufika mahali mlipoahidi kwa bei mliyoahidi. Mwenye sifa moja bila ya nyingine hajatimia.

Ofisi ile, baada ya barua mbili, ilirejesha shilingi 400,000, kiasi kisichofikia thamani ya vilivyopotea na kuharibika. Mkwe wetu amelifikisha dai lililobaki Mahakama ya Mwanzo, nasi tulimuunga mkono. Kusamehe ni jambo tukufu, lakini kudai haki kwa njia ya haki si ukosefu wa subira, na huenda kukamnusuru mhamaji mwingine ambaye bado hajapakia vyombo vyake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote wanaohama, na atujaalie sote kuwa miongoni mwa wanaozichunga amana na ahadi zao. Amin.