Ruhusa za Vifaa vya USB katika Mashine Pepe: Chanzo cha Hitilafu na Utatuzi Wake kwa Muktadha wa Ofisi za Uchimbaji Dhahabu Shinyanga na Geita

1. Utangulizi

Ukanda wa dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Victoria unapita katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Humo mna migodi mikubwa kama Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu, ulioanza mwaka 2001. Mna pia maeneo ya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu na Mwakitolyo. Katika uchimbaji wa kisasa, takwimu za mashimo ya uchorongaji huingizwa kwanza kwenye kompyuta, zikaunganishwa na majibu ya maabara, na kutoa picha ya mahali mbale ilipo na kiasi chake. Uamuzi wa kuchimba au kuacha hutegemea picha hiyo.

Programu nyingi za kazi hiyo zimeundwa kwa ajili ya Windows, na baadhi zimekuwa zikilindwa kwa ufunguo wa leseni, yaani kifaa kidogo cha USB ambacho kisipochomekwa programu haifanyi kazi. Mtaalamu anayetumia Linux hulazimika kuendesha Windows ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu inayofanya kazi ndani ya kompyuta halisi. Hapo ndipo hutokea hali inayowatatiza wengi: ufunguo umechomekwa na kompyuta halisi inautambua, lakini mashine pepe haiuoni.

Makala haya yanafafanua hali hiyo kwa kurejelea programu ya VirtualBox inayoendeshwa juu ya Linux. Hoja kuu ni kwamba, mara nyingi, kifaa hakina ubovu wowote. Kilichokosekana ni ruhusa katika ngazi mojawapo. Aidha, inaelezwa kwamba kutoa ruhusa pana kuliko inayohitajika huzalisha tatizo jingine kubwa zaidi.

2. Sababu ya kifaa kuonekana bila kutumika

Katika Linux, kila kifaa cha USB huwakilishwa na faili lililo chini ya saraka ya /dev/bus/usb. Kwa kawaida faili hilo humilikiwa na mtumiaji mkuu, root. Watumiaji wengine huweza kulisoma, lakini hawawezi kuliandikia. Amri ya lsusb huhitaji kusoma tu, na ndiyo maana huonesha ufunguo wa leseni hata kwa mtumiaji wa kawaida. Mashine pepe huhitaji zaidi ya hapo: ni lazima ikichukue kifaa kutoka kwa mfumo mwenyeji, kisha itume na kupokea data.

VirtualBox hukidhi hitaji hilo kwa kuunda njia nyingine chini ya /dev/vboxusb, ambayo hufunguliwa kwa kundi la vboxusers. Mtumiaji asiyekuwa katika kundi hilo huikuta orodha ya vifaa ikiwa tupu. Hivyo basi, matokeo ya lsusb hayathibitishi kwamba ruhusa ipo.

3. Mpangilio wa uchunguzi

Uchunguzi unapaswa kuanzia ngazi ya chini kwenda juu, kwa kuwa kasoro ya ngazi ya chini huficha zile za juu.

Kwanza, huthibitishwa kwa lsusb kwamba mfumo mwenyeji unakiona kifaa. Kisipoonekana, tatizo liko kwenye tundu lenye vumbi, waya au umeme usiotosha, wala si kwenye ruhusa.

Pili, amri ya id huonesha makundi ya mtumiaji. Iwapo vboxusers halimo, msimamizi huendesha usermod -aG vboxusers na kufuatisha jina la mtumiaji. Herufi "a" ni ya lazima. Ikiachwa, mtumiaji huondolewa katika makundi yake mengine ya ziada. Baada ya hapo mtumiaji hutoka kwenye mfumo na kuingia upya, kwa sababu uanachama wa makundi husomwa wakati wa kuingia.

Tatu, amri ya VBoxManage list usbhost huonesha hali ya kila kifaa. Neno "Busy" humaanisha kwamba mfumo mwenyeji bado unakitumia.

Nne, hukaguliwa kidhibiti cha USB cha mashine pepe. Kabla ya toleo la 7.0 la mwaka 2022, vidhibiti vya USB 2.0 na 3.0 vilihitaji kifurushi cha nyongeza ambacho leseni yake ya bure haihusu matumizi ya kibiashara. Tofauti hiyo ni muhimu kwa kampuni kuliko kwa mwanafunzi.

Tano, hukaguliwa kiendeshi cha ufunguo ndani ya Windows. Ngazi hii huwa na maana pale tu zilizotangulia zinapokuwa sawa.

4. Njia ya mkato na gharama yake

Mafundi wengine huendesha VirtualBox kama root, hufungua mafaili yote ya USB kwa kila mtumiaji, au huweka kichujio kitupu kinachonasa kila kifaa kinachochomekwa. Ufunguo husomeka, na kazi huendelea. Hata hivyo, kichujio kitupu kinaweza kunasa hata kibodi na kipanya, na kila flashi itakayochomekwa itaingia moja kwa moja kwenye mashine yenye takwimu za mbale. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilidhihirisha kwamba flashi inaweza kufikisha madhara hata kwenye kompyuta zisizounganishwa na intaneti.

Kanuni inayofaa hapa ni ile iliyofafanuliwa na Saltzer na Schroeder mwaka 1975, kwamba kila mtumiaji na kila programu ipewe ruhusa inayotosha kazi yake tu. Kwa ufunguo wa leseni, hilo hutekelezwa kwa kichujio kinachotaja namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Funguo za HASP, kwa mfano, hutambulika kwa namba ya mtengenezaji 0529. Katika programu nyingine za mashine pepe, kanuni ya udev yenye namba hizo hutoa ruhusa kwa kifaa husika pekee.

5. Hitimisho

Kutoonekana kwa kifaa cha USB ndani ya mashine pepe ni tatizo linalotatulika kwa kufuata ngazi moja baada ya nyingine. Kipimo cha utatuzi sahihi si kufunguka kwa programu peke yake. Ni lazima pia ijulikane ni nani ameruhusiwa, kutumia kifaa kipi, na ni vifaa gani vimebaki nje.