Maagizo ya Mashine: Uandike Mwenyewe au Uandikiwe?

Nawaomba ninyi mlio Kilwa Masoko, Kivinje, Mchinga na Lindi mfunue karatasi ya somo hili, mfuatane nami kwa kidole, neno kwa neno.

Leo tutasoma habari za mashine za kukata mti na chuma ambazo huongozwa na kompyuta. Ukifika Dar es Salaam utaziona katika karakana za maseremala: meza pana, na juu yake kisu kinachozunguka kwa kasi, kikienda huku na huku pasipo mkono wa mtu kukishika. Huchora maua juu ya milango. Kwetu pwani mlango wa nakshi si jambo geni. Kivinje imo hata leo milango ya zamani iliyochongwa kwa patasi na nyundo. Basi kijana wetu akitaka kununua mashine ya namna hii, au kuajiriwa kuiendesha, yafaa ajue jinsi inavyopewa amri.

Mashine hii haina akili. Husoma mstari mmoja, hutenda, kisha husoma wa pili. Tazama mstari huu:

G01 X200 F1200

G01 maana yake ni kwenda kwa mstari ulionyooka, kwa mwendo uliotajwa. X200 ni mahali pa kufika, milimita 200 toka pale tulipoanzia kuhesabu. F1200 ndio mwendo wenyewe, milimita 1200 kwa dakika. Herufi Y ni ya upande wa pili wa meza, na Z ni ya kupanda na kushuka. Z5 ni milimita 5 juu ya mti. Z-3, yenye kistari, ni milimita 3 ndani ya mti. G00 ni kwenda upesi sana, kisu kikiwa hewani. G02 ni kuzunguka kama mshale wa saa, na G03 ni kinyume chake. M03 huzungusha kisu, M05 hukisimamisha, M30 ni mwisho wa kazi. Anayejua herufi, na kujumlisha na kutoa, aweza kuandika kwa mkono maagizo ya kukata mfereji au ya kutoboa matundu 6, na chai yake isipoe.

Lakini waridi la mlangoni ni jambo jingine. Kila jani lake lapanda na kushuka, na kila kipande kidogo cha mpindo ni mstari mmoja wa amri. Ua moja laweza kudai maelfu ya mistari. Hapo huchora ua katika kompyuta, ukaitajia kisu na kina, na programu ikakuandikia yote. Jambo hili si la jana. Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha watu mashine ya kukata chuma iliyosoma amri kwa matundu ya utepe wa karatasi. Hesabu zake zilichosha mno, na mwaka 1959 ikatangazwa lugha iitwayo APT: mtu hueleza umbo, kompyuta ikafanya hesabu. Anayeng'ang'ania kuandika waridi kwa mkono leo anapoteza siku zake bure.

Je, kuna haja gani basi ya kujifunza zile herufi? Mkumbuke mwandishi wa barua wa zamani. Mama humwambia, "Mwandikie mwanangu alete shilingi 20." Yule akiandika 200, mama atajuaje? Atatia kidole gumba tu. Na programu ni mwandishi wa namna hiyo, hodari lakini hajaona mti wako. Tena mashine zina lahaja zake, kama Kiswahili cha Kilwa na cha Lamu. Programu yapasa kuambiwa itaandikia mashine ipi. G21 ni kuhesabu kwa milimita, G20 ni kwa inchi. Ikikosewa hapo, Z-3 yawa inchi 3, yaani zaidi ya milimita 76. Ubao wa milimita 50 utapasuliwa mpaka chini, na meza ya mashine itakatwa pia. Mninga ule umenunuliwa kwa fedha, na kisu kikivunjika huruka. Jicho la mtu halinunuliwi.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi aanze na kazi ndogo za mkono, mifereji na matundu, hata aweze kuuona mwendo wa kisu kwa kusoma tu. Baadaye aiachie programu maua, naye asome mistari ya mwanzo na ya mwisho kabla ya kuwasha, kisha ajaribu hewani, kisu kikiwa juu ya ubao. Wako waendeshaji wengi wasiofanya hivyo, nami siwasifu.

Sasa zoezi. Ubao ni mnene milimita 50, nasi twataka mfereji wa kina cha milimita 4.

G21 G90
M03 S12000
G00 Z5
G00 X10 Y10
G00 Z-4
G01 X300 F900
G00 Z5
M05
M30

G90 ni kuhesabu daima toka mwanzo, na S ni kasi ya kuzunguka kwa kisu. Mstari mmoja hapo utakivunja kisu. Ni upi, nawe ungeuandikaje? Mwandike jibu daftarini. Nitalisoma katika somo lijalo.