Je, wajua? Beringi huanza kulia kabla hujaisikia

Kiangazi cha Dallas hakina huruma: mwaka 2011 joto lilifika nyuzi 38 za Selsiasi kwa siku 71. Ndiyo maana Vickery Meadow, mtaa wa nyumba za kupanga ambako Kiswahili cha Wakongo husikika ngazini, haulali bila viyoyozi kunguruma nyuma ya majengo.

Feni ya nje ya kiyoyozi cha kawaida huzunguka kama mara 1,075 kwa dakika. Mhimili wake hushikwa na beringi, na baadhi ni za golori: pete mbili za chuma, golori katikati, na utando wa grisi ambao unene wake mara nyingi haufiki mikroni moja. Unywele ni kama 70.

Utando huo ukikonda, chuma hukwaruza chuma. Mlio wa kwanza ni mwembamba mno kwa sikio letu, linaloishia mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kipo kifaa kinachousikiliza karibu na 40,000, kisha kuushusha hadi fundi ausikie. Beringi yenye mafuta huvuma kama upepo. Kavu husikika kama ufagio wa chelewa kwenye saruji. Sauti ikipanda desibeli 8 juu ya kawaida yake, mafundi wa viwandani hupiga grisi, kidogo kidogo. Sauti hushuka. Ikianza kupanda tena, acha hapo hapo! Grisi ikizidi hupata joto na huweza kupasua sili inayoizuia isivuje, na wengi huiua beringi kwa ukarimu. (Mota nyingi za nyumbani hazina hata pa kupigia grisi, beringi hubadilishwa.)

Kipimo cha mtetemo hung'amua vizuri zaidi baadaye, golori zinapopita kwenye kishimo kilichochimbika kwenye pete na kugonga kwa mpigo usiobadilika. Kwa mpigo huo hujulikana kama kishimo kiko pete ya ndani au ya nje.

Huna kifaa? Nenda chumba cha kufulia, maana pipa la mashine nalo hushikwa na beringi. Kabla hujatumbukiza robo dola, zungusha pipa tupu kwa mkono. Likiteleza kimya, weka nguo. Likinguruma kama lori kwenye changarawe, huenda maji yameshapenya sili na kuosha grisi yote. Hamia mashine ya pembeni.