Mimea ya ndani: Pambo lenye uhai na haki zake



Katika nyumba nyingi za miji yetu, mgeni anapokaribishwa sebuleni hukutana na vyungu vya maua. Vingine vina maua ya plastiki yaliyoshika vumbi tangu Idi iliyopita, na vingine vina mimea hai iliyonunuliwa katika vitalu vya kando ya barabara. Leo tunapenda kuzungumza na wazazi juu ya hiyo mimea hai. Na ile ya plastiki hatuna neno nayo, ila tunaomba ifutwe vumbi.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Wazee wetu wa mwambao walijenga nyumba zenye ua wa ndani, na hapo wakapanda mrehani na asumini, maua yakachumwa jioni kwa ajili ya kikuba. Jina la mrehani limetokana na neno la Kiarabu rayhan, ambalo limetajwa katika Suratur Rahman na Suratul Waaqia. Tena katika Sahih Muslim imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alituelekeza kwamba mwenye kupewa rehani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni nzuri. Kilichobadilika ni nyumba. Familia iliyokuwa na ua, leo inaishi ghorofa ya tatu yenye madirisha mawili na kibaraza cha kuanikia nguo, hivyo bustani imelazimika kuingia ndani.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka kulisisitiza. Mti ulio uani hupata mvua, umande na jua bila ya sisi kunyanyua mkono. Mmea uliofungiwa sebuleni hauna hata kimoja katika hivyo, ila kile tutakachoupa. Rizki yake imepitishwa mikononi mwetu. Anayeuleta nyumbani amebeba amana, na amana haibebwi bila kujua kilichomo ndani yake.

Sisi tuliibeba bila kujua. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua mmea wenye majani mapana ya kijani yaliyotapakaa madoa meupe, tukauweka sakafuni katika kona ya sebule. Hatukuuliza jina lake, wala muuzaji hakutuambia. Alasiri moja mjukuu wetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, alivunja jani akalitia kinywani. Kilio chake hatujakisahau. Midomo ilimvimba, mate yakamtiririka, na ulimi ukawa mzito hata sauti ikabadilika. Mama yake alimtoa vipande vya jani, akamsafisha kinywa kwa maji, akampa maziwa ya baridi, kisha tukamkimbiza hospitali. Alhamdulillahi, siku ya pili uvimbe ulikuwa umepungua.

Baadaye ndipo tulipojua kuwa mmea ule huitwa Dieffenbachia, asili yake ni nchi za joto za Amerika, na ndani ya majani na shina lake mna chembe ndogo mno zilizochongoka kama sindano, ambazo huchoma kinywa na koo. Waingereza wameupa jina lenye maana ya muwa wa bubu. Mtoto akiutafuna asitapishwe, bali asafishwe kinywa, na akipata shida ya kumeza au kupumua apelekwe hospitali mara moja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulizeni muuzaji jina la mmea.

Mwenye mtoto anayetambaa anaweza kuchagua urujuani wa Usambara, ambao hauna sumu kwa watoto. Ua hili dogo la zambarau lina kisa cha kusikitisha kidogo. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huko Tanga na milima ya Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na tangu hapo likasambaa katika madirisha ya Ulaya na Marekani. Leo limejaa katika nyumba za ugenini, ilhali kwao, kwenye misitu inayokatwa, aina zake kadhaa zimo hatarini kutoweka. Vivyo hivyo Zamioculcas, mmea wa majani mazito yanayong'aa ambao huvumilia kiu na kivuli, asili yake ni Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo. Wakulima wa Uholanzi waliufanya biashara ya dunia kuanzia miaka ya 1990, nasi sasa tunauona kuwa ni kitu cha kigeni. Huu nao una chembe za kuwasha, basi uwekwe juu, mkono wa mtoto usipofika.

Wapo wanaosema mimea husafisha hewa ya nyumba. Maneno hayo yalienea baada ya utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ambao ulifanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Mwaka 2019, Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia upya tafiti za namna hiyo wakakuta kuwa ili mimea ishindane na upepo unaopita katika nyumba ya kawaida, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Basi fungueni madirisha. Na wale wanaohofu kwamba mmea chumbani usiku humnyang'anya mtu pumzi nao watulie, kwani hewa unayoivuta ni kidogo mno kuliko ya mtu aliyelala kando yako.

Kinachoua mimea mingi ya ndani ni maji kupita kiasi. Hata katika kumwagilia mna israfu. Mizizi nayo inahitaji hewa, hivyo chungu kiwe na tundu chini, na udongo uguswe kwa kidole kwanza; ukiwa bado una unyevu, subirini. Maji yanayobaki katika kisahani yamwagwe, na kisahani kisuguliwe angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu mbu wa homa ya dengue hutaga kwenye vyombo kama hivyo. Mayai hugandana na kuta za chombo na kustahimili ukavu. Wakazi wa Dar es Salaam waliopitia dengue ya mwaka 2014 na ya 2019 hawahitaji kukumbushwa zaidi.

Kwenye dirisha lenye jua pandeni nanaa, pilipili au mchaichai. Tumefundishwa katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kuwa chochote kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama kutokana na alichopanda Muislamu huandikwa kwake kuwa ni sadaka. Jirani anayebisha hodi kuomba majani ya chai anawaletea thawabu mlangoni.

Ama ule mmea wetu, hatukuutupa. Tulimpa jirani yetu, bibi mmoja ambaye watoto wake wote wamekwisha kuoa na kuolewa, tukamweleza tabia zake zote kabla hajaupokea. Wiki iliyofuata alituletea mche wa mrehani ndani ya kopo la maziwa.